Pasi ya Kaya ya Mfano

Siku afisa wa mradi alipokuja kuwaambia kwamba wameshinda, dobi alikuwa na suruali ya mlinzi mmoja mezani na pasi imekolea moto. Hakuinua kichwa. Mtu anayepiga pasi ya mkaa hainui kichwa ovyo. Cheche moja ikiponyoka kwenye tundu la pembeni, suruali ya watu inageuka tambara, na mwenye suruali hatataka kusikia habari za wageni.

"Hongereni sana!" afisa alisema, huku mwenyekiti wa mtaa akiitikia kwa kichwa nyuma yake. "Katika nyumba zote tulizogawia jiko, hakuna iliyolitumia kama hii. Hakuna hata inayowakaribia. Ninyi ndio kaya yetu ya mfano."

Mke wa dobi alitoka ndani akifuta mikono kwenye gauni. Hakujua ashangilie au asubiri, kwa sababu mara zote mbili alizowahi kupongezwa na ofisi yoyote, pongezi zilifuatiwa na michango.

Jiko lenyewe lilikuwa pale mlangoni, likiwaka. Lilikuwa dogo, zuri, limepakwa rangi ya kijani. Chini yake mradi ulikuwa umefunga kidubwasha cha ukubwa wa kiberiti, chenye taa ndogo iliyopepesa kila jiko lilipopata moto. Kazi ya kidubwasha ilikuwa kuhesabu. Kila saa ambayo jiko hili jipya liliwaka, kwao huko ofisini ilikuwa saa ambayo lile jiko la zamani, linalokula mkaa kwa pupa, halikuwaka. Majiko ya zamani mradi uliyavunja kwa nyundo mbele ya kamera, watu wakapiga makofi.

Afisa aliinama akakitazama kile kidubwasha kama mtu anayemtazama mwanawe. "Kutwa nzima linawaka! Mama, unapika nini hivyo?"

"Sipiki," mke wa dobi alisema. "Yaani napika, lakini si kutwa. Makaa ni ya pasi."

"Pasi gani?"

Dobi alimaliza mstari wa mguu wa kushoto, akaiweka pasi kwenye kikalio chake, akamsukuma pembeni yule jogoo wa chuma anayefunga kifuniko, akakiinua. Ndani makaa yalikuwa mekundu, yametulia. "Hii hapa. Jiko lenu ni zuri kweli, mheshimiwa. Makaa yake hayapasuki ovyo. Nayatoa kule, nayatia humu, yakififia nachukua mengine. Mungu awabariki."

Alisema kwa shukrani kabisa. Alidhani anasifia.

Afisa alikitazama tena kile kidubwasha. Alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu ilikuwa imemkaa vibaya. Zile saa zote alizozipeleka juu kama mkaa uliookolewa, zilikuwa saa za mkaa ulioungua. Tena zilikuwa zimeshauzwa. Kampuni moja ya ndege, huko mbali, ilikuwa imezinunua na kuziandika kama moshi iliojiondolea. Mtu asidhani afisa aliona aibu. Angeona aibu ingekuwa afadhali. Aliona kazi.

"Mlitia dole gumba," alisema polepole, "kwamba humu ndani hakutakuwa na kifaa kingine cha mkaa."

"Tulidhani mnasema majiko," dobi alijibu. "Pasi haipiki, mheshimiwa."

"Nunua ya umeme."

"Ya umeme ninayo. Iko juu ya kabati. Umeme ndio sina."

Hilo hata mwenyekiti hakuweza kulibishia. Bwawa linalozungusha mitambo lilikuwa limekauka mpaka watu walikuwa wanatembea katikati yake, mvua ya pili ilikuwa imewaruka, na umeme ulikuwa unakuja kwa mgao, dakika chache, kama ndugu anayepita kuchukua mzigo wake. Kadiri joto lilivyozidi ndivyo umeme ulivyopungua, na kadiri umeme ulivyopungua ndivyo watu walivyojaa kwa dobi na vifurushi vyao.

"Wageni wanakuja Jumatano," afisa alisema. "Kampuni yenyewe. Pasi isionekane. Meza isionekane. Nguo za watu zisionekane. Mke apike."

Mwenyekiti akamshika dobi bega. "Kumbuka na bomba la mtaa ni la mradi. Nyumba moja ikiharibu, mtaa mzima unakosa maji. Utatuelewa tu, ndugu yangu."

Walipoondoka, mama yake dobi, ajuza aliyekaa kwenye kigoda kivulini tangu asubuhi, aliuliza, "Wanataka nini hawa?"

"Wanataka tufiche pasi, mama."

"Kwani tumeiba?"

Jumatano afisa alitangulia ili akague. Dobi alimpokea mlangoni akiwa ndani ya shati lake la heshima, jeupe, kola imesimama kwa wanga, na suruali ambayo mstari wake ungeweza kukata karatasi. Afisa alimpima juu mpaka chini.

"Umevaaje hivi?"

"Si wageni wanakuja?"

"Wanakuja kuona watu wenye shida. Huna nguo ya kawaida? Iliyochoka kidogo?"

Dobi alifikiri kwa dhati, kwa sababu alikuwa mtu wa kujibu anachoulizwa. "Sina nguo yenye mikunjo, mheshimiwa. Hata za kulalia napiga pasi."

Afisa akamtolea fulana ya mradi kwenye mfuko wa nailoni, imekunjwa mara nyingi mpaka imepata mistari kama ramani ya mtaa. Dobi aliigeuza mikononi. Macho yake yalikwenda mezani, lakini meza ilikuwa uani imefunikwa turubai. Akaivaa hivyo hivyo. Mkewe aliangalia pembeni, maana katika ndoa yao yote hakuwahi kumwona mumewe amekunjamana mbele za watu.

"Na wewe mama, weka sufuria."

"Tumeshakula."

"Weka ya maji basi. Ukoroge."

Akawa anakoroga maji. Mwanamke mzima, na mwiko mkononi, anakoroga maji matupu, anaambiwa atabasamu. Mtu akikueleza kwamba umaskini ni kukosa chakula, mwambie bado hajaujua wote.

Tatizo ni kwamba kazi haijui ratiba ya wageni. Alfajiri nesi wa zahanati alikuwa amelia shida ya sare mbili, na dobi hakuwa na moyo wa kumkatalia. Magari yaliposikika, pasi ilikuwa bado inawaka. Pasi ya mkaa haina swichi. Ajuza ndiye aliyeishika mpini, akaipeleka kwenye kona ya chumba, akaifunika beseni la plastiki, akaketi kando yake kama anayelinda mtoto.

Wageni walikuwa wawili, mama mmoja wa kampuni ya ndege, mwenye uso wa upole na jasho jingi, na kijana wa kamera. Nyuma yao alikuja dereva wa mradi na chupa za maji. Yule mama alisema maneno mengi, na afisa akayatafsiri.

"Anasema, dunia inapata joto kwa sababu ya hewa ukaa inayojazana huko juu. Ndege zao zinaitoa hewa hiyo, tena nyingi. Kuacha kuruka hawawezi. Kwa hiyo wananunua ile ambayo ninyi hamkuitoa."

Dobi aliomba arudiwe. Akarudiwa.

"Wananunua kitu ambacho mimi sikukifanya?"

"Hasa."

"Kwa nani?"

"Kwa mradi."

"Kwani mradi nao haukukifanya?"

Afisa alikohoa. Ajuza, aliyekuwa hajaonekana kama anasikiliza, akainua mkono. "Hebu muulize huyo dada. Mimi tangu nizaliwe sijapanda ndege hata mara moja. Hiyo nayo hawainunui? Maana ninayo nyingi."

Yule mama alimgeukia afisa, akingoja tafsiri kwa tabasamu.

"Bibi anasema anashukuru sana kwa jiko," afisa alitafsiri.

Mama wa watu akaguswa. Akainama akashika mikono yote miwili ya ajuza, na machozi yakamlenga. Na huenda alikuwa mtu mwema kweli. Wema wake ulikuwa umepitia mdomo wa afisa, basi ukafika umegeuzwa.

Hapo ndipo harufu ilipoanza. Kwanza kidogo, kisha ikajaa chumba. Kijana wa kamera aligeuka, na kamera yake ikageuka naye. Kwenye kona beseni lilikuwa limelegea na kubonyea katikati, na moshi mweusi ulikuwa unapanda taratibu kutoka ndani ya kaya ya mfano.

Dobi alirukia beseni akalipiga teke. Pasi ikatokeza, jogoo wake juu, imeganda plastiki mgongoni.

Afisa hakupoteza hata pumzi moja. Alicheka, akafungua mikono, akaongea na wageni kwa lugha yao kwa furaha kubwa. Wakaanza kupiga makofi. Kisha akamgeukia dobi, tabasamu likiwa bado usoni, na kusema kwa sauti ya chini, "Nimewaambia hiki ndicho kifaa cha mwisho cha mkaa humu ndani, na kwamba leo unakikabidhi kwa hiari yako. Kabidhi."

"Mheshimiwa, hiyo ndiyo kazi yangu."

"Kuna bomba hapo nje. Unaliona?"

Wakatoka. Makaa yakamwagwa mchangani, lakini chuma hakipoi kwa amri. Dereva alijaribu kukishika akakiachia akiruka na kunyonya vidole. Ikabidi wote wasubiri juani, wageni wakijipepea kwa kofia, ili pasi ya mtu ipoe wapate kumnyang'anya. Ilipopoa, dobi aliinyanyua kwa mikono miwili, akampa afisa, kamera ikachukua. Wakamrudisha nyuma, akaitoa tena, kwa sababu mara ya kwanza hakutabasamu.

Dereva akaifunga kwenye gunia akaitia kwenye buti ya gari. Alifanya yote bila kumtazama dobi machoni. Na alikuwa na sababu, kwa kuwa kila wiki yeye ndiye aliyekuwa akileta nguo za afisa kupigwa pasi pale pale uani, na afisa hakuwahi kuuliza zinakonyooshewa. Nguo ziliondoka zimekunjamana zikarudi zimenyooka. Mengine hayakumhusu.

Pasi nyingine ya mkaa haikupatikana madukani. Wenye maduka waliacha kuziagiza tangu nguzo za umeme ziliposimamishwa mtaani, na walizokuwa nazo akina bibi zilishauzwa kama chuma chakavu. Mradi ulisema suala lake linafuatiliwa. Kila asubuhi dobi alikaa mezani na pasi ya umeme, waya umechomekwa, akingoja kama mtu anayevua samaki. Umeme ukija alikimbizana nao. Ukikatika katikati ya shati, upande mmoja unakuwa umenyooka na mwingine haujui kilichotokea.

Alijaribu kulaza suruali chini ya godoro. Alijaribu sufuria yenye makaa ndani, akaisukuma juu ya nguo kwa kitambaa. Kwa suruali ya kaki ilipita. Kwa sare ya nesi iliacha duara la masizi kifuani, na nesi, ambaye siku zote humwamkia kwa adabu, alimpigia kelele barabarani watu wakisikia.

"Leo nimesimamishwa mbele ya wagonjwa naulizwa kama nimelala jalalani! Si ungesema tu huwezi?"

"Nisamehe, binti yangu."

"Nisamehe haifui!"

Mlinzi naye alirudishwa nyumbani kwa sare iliyokunjamana, akakatwa siku. Mwenye duka la kona, mama aliyekuwa mstari wa mbele kusema "wasitukoseshe maji hawa na pasi yao", alianza kuuliza kwa sauti ya chini kama kuna habari zozote. Mume wake ni karani wa mahakama, na hakimu wao hataki kuona mkunjo.

Na nyumbani sufuria zilianza kupungua uzito. Mke wa dobi alienda kufua nguo za watu mtaa wa pili na kurudi na viganja vimechubuka. Hakulalamika, na hilo ndilo lililomuuma mumewe zaidi. Dobi alikuwa anakaa amekunja mikono, ile mikono yenye makovu ya moto mpaka kwenye kiwiko, anatazama jiko la kijani. Lilikuwa linawaka mara moja tu kwa siku. Afisa alipiga simu kwa mwenyekiti akauliza kwa nini kaya ya mfano imeshuka.

Dereva alikuja mchana wa Ijumaa, amebeba mashati na suti kwenye hanga. Alisimama mbali kidogo na meza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba," ajuza alisema. "Umekuja kuchukua na kigoda?"

Dereva alilamba midomo. "Kaka, nisaidie. Bosi anasafiri jioni hii, anaenda kwenye mkutano mkubwa wa mataifa, ule wa tabianchi. Anaenda kuonyesha picha zenu. Suti ndiyo hii, na mji mzima hauna umeme tangu asubuhi."

"Sina pasi," dobi alisema.

"Najua." Dereva alitazama viatu vyake. "Iko kwenye buti. Aliniambia niipeleke ghala, sijapata nafasi. Nilikuwa nafikiri... ungenipigia hizi tu, halafu nairudisha butini. Hakuna atakayejua."

Mke wa dobi alikuwa anaanika nguo za watu. Aliziacha zikaanguka. "Rudia hilo neno," alisema. "Mnachukua pasi ya mume wangu kwa sababu inaharibu hewa ya dunia. Mnaileta apige suti ya kwenda kusema inaharibu hewa ya dunia. Kisha mnaichukua tena? Hamwogopi hata kidogo?"

"Dada, mimi ni dereva tu. Nikikosa suti nakosa kazi. Nina watoto."

"Na hapa unadhani tunafuga kuku?"

"Ilete," dobi alisema.

Mkewe alimgeukia kwa hasira, lakini alipoona uso wake akainama kuokota nguo. Dereva alikimbia garini akarudi na gunia. Dobi aliifungua pasi yake taratibu. Alikwangua ile plastiki iliyoganda mgongoni kwa kisu mpaka chuma kikang'aa, akapitisha mshumaa chini yake, akafuta. Mkewe akawasha jiko. Taa ndogo ya kidubwasha ikaanza kupepesa.

Alipiga shati la kwanza, kola ndani kwanza halafu nje, kisha mabega, kisha mikono. Alipofika mgongoni alisimama. Pasi ilikuwa imekolea, shati lilikuwa jeupe, na wote wanne pale walijua anachofikiri. Angeiacha tu itulie hapo kidogo, afisa angekwenda mbele ya mataifa na alama ya pasi mgongoni. Mke wa dobi alitamani hivyo mpaka meno yakamuuma.

Dobi akaisogeza. "Nguo haina kosa," alisema, akanyunyiza maji.

Suti ilitoka imenyooka kama imeshonwa leo. Dereva aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru mara nyingi kupita kiasi, akaitundika garini. Kisha akarudi na gunia.

"Haya kaka. Na pasi."

Dobi aliiweka pasi ukingoni mwa meza, mpini ukimwelekea dereva. "Chukua."

Dereva alinyoosha mkono, joto likampiga kabla hajafika, na vidole vyake vikakumbuka siku ile. "Mwaga makaa kwanza."

"Yamwagwe wakati kuna sare za nesi?" mke wa dobi alisema. Alikuwa ameshakuja na sepeto dogo la makaa mapya. Mumewe alifungua kifuniko, yakamiminika ndani, jogoo akafunga.

"Jamani, nitachelewa."

"Subiri ipoe," dobi alisema bila ubaya, akatandika sare.

Sauti ya pasi kwenye nguo yenye maji inajulikana. Inasikika mpaka nyumba ya tatu. Mlinzi alichungulia uani, akatoweka, akarudi na suruali mbili. Baada yake alikuja mama wa dukani, amebeba mashati ya karani yote aliyonayo, akayaweka mezani bila kumtazama mtu.

"Na bomba?" mke wa dobi alimuuliza. "Hatutawakosesha maji?"

"Bomba gani? Tangu juzi linakohoa tu. Kisima chao kimekauka." Akamgeukia dereva. "Mwambie bosi wako aje achukue na bomba lake, tutamsaidia kulipakia."

Uani pakajaa. Kila shati lilipokwisha lingine lilikuwa limeshatandikwa, na kila makaa yalipofifia mke wa dobi alikuwa ameshakuja na mengine. Dereva alisimama na gunia lake tupu. Simu yake ililia, akaitazama, ikalia tena, akaipokea. Wote wakasikia sauti ya afisa ikiuliza suti iko wapi na ndege inaondoka saa ngapi.

"Nakuja bosi. Ndiyo bosi. Imenyooka sana bosi."

Akakata. Alimtazama dobi, safari hii machoni. "Atauliza habari ya pasi. Si leo, lakini atauliza. Watarudi, kaka, unajua."

"Najua," dobi alisema.

"Nimwambie nini?"

Dobi alikuwa kwenye kola, na kwenye kola hainui kichwa. Aliyejibu ni mama yake, kutoka kwenye kigoda. "Mwambie bado ina moto."

Dereva alikunja gunia akalitia kwapani, akaenda. Gari liliondoka na suti ikining'inia dirishani. Chini ya jiko la kijani kidubwasha kiliendelea kupepesa, kikimhesabia mwenye ndege saa nyingine ya mkaa ambao haukuungua.